Tamasha Sebuleni: Mwongozo Kamili wa Kutazama Muziki Mubashara na Familia Ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Familia nyingi zikipanga kutazama tamasha mubashara huanza na chakula. Anzeni na saa. Viazi vikichelewa vitaliwa tu, lakini msanii aliyepanda jukwaani saa moja asubuhi hawezi kumsubiri mtu aliyedhani ni saa moja jioni.

Kugeuza saa bila kukosea

Tuchukue Coachella kama mfano, kwa kuwa ndilo rahisi kulipata. Hufanyika Indio, California, mwezi wa Aprili, wikiendi mbili mfululizo, na YouTube imekuwa ikilirusha bure tangu 2011. Mwezi huo California iko nyuma yetu hapa Tanzania kwa saa 10. Kanuni fupi kwa anayesoma saa kwa Kiswahili: toa saa mbili, halafu geuza usiku kuwa asubuhi na jioni kuwa usiku. Saa tatu usiku ya kwao ni saa moja asubuhi ya kwetu. Matangazo huanza kwa kawaida saa kumi jioni kwao, yaani saa nane usiku kwetu, na tarehe imeshageuka.

Tazama hesabu hiyo inamaanisha nini. Wasanii wakubwa wanaofunga usiku hupanda kuanzia kama saa tatu hadi saa tano usiku kule. Kwa mtu aliyeko Uyole, Mbeya, au Kihesa, Iringa, hiyo ni saa moja hadi saa tatu asubuhi, wakati chai iko mezani. Kukesha hakuna maana yoyote, labda kama kuna msanii mdogo unayempenda sana anayepanda mapema. Lala, amka saa kumi na mbili, washa TV.

Siku nazo si sawa. Wafungaji wa Ijumaa kule mtawaona Jumamosi asubuhi, na hiyo ndiyo nafasi bora ya familia: hakuna shule, na wengi hawaendi kazini. Wa Jumamosi wanaangukia Jumapili asubuhi, wakati wa ibada. Wa Jumapili wanaangukia Jumatatu, sare zimeshavaliwa na daladala zinapiga honi. Kama mna uwezo wa siku moja tu, chukueni Jumamosi asubuhi bila kujadiliana.

Ulaya ni rahisi zaidi. Tomorrowland hufanyika Boom, Ubelgiji, mwezi wa Julai, na wakati huo Ubelgiji iko nyuma yetu kwa saa moja tu. Saa mbili usiku kwao ni saa tatu usiku kwetu, kwa hiyo mnakula, mnanawa, mnakaa. Uingereza wakati wa kiangazi chao iko nyuma kwa saa mbili, na wakati wa baridi kwa saa tatu, kwa sababu wao hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Sisi hatubadilishi. Ndiyo maana hesabu ya mwezi wa pili inaweza kukutia hasara mwezi wa nne.

Kuna mitego miwili ya lugha. Wa kwanza ni 12:00 AM kwenye ratiba: hiyo ni saa sita usiku, si mchana, na inahesabiwa kuwa mwanzo wa siku inayofuata. Wa pili ni wa kwetu wenyewe. Ukimwambia bibi "usiku wa Ijumaa" anaweza kuelewa usiku unaotangulia Ijumaa, na mjukuu wake akaelewa ule unaofuata. Andikeni "usiku wa kuamkia Jumamosi" kwenye karatasi, bandikeni ukutani pembeni ya TV, na ugomvi utaisha.

Pa kutazamia

Ingia kwenye tovuti ya tamasha lenyewe, fuata kiungo kilichoko huko. Usitafute jina la tamasha Facebook ukabonyeza kinachotokea kwanza. Siku za matamasha makubwa hujaa kurasa bandia zinazoonyesha rekodi ya mwaka juzi zikiandika "mubashara", na nyingine zinakutaka uweke namba ya kadi ili "ufungue ubora wa juu". Tamasha linalorushwa bure halihitaji kadi ya mtu. Ukiona chaneli ina video mbili tatu tu na imefunguliwa juzi, funga.

Si kila tamasha linaonekana hapa. Glastonbury, kwa mfano, hurushwa kwenye BBC iPlayer, na huduma hiyo ni ya walioko Uingereza. Wengi hukimbilia VPN, programu inayofanya uonekane uko nchi nyingine. Fahamu kwamba TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza Oktoba 2023 kuwa matumizi ya VPN yanatakiwa kusajiliwa, tena VPN ya bure hupunguza spidi kiasi kwamba picha itakwama hata ukifanikiwa kuingia. Yako matamasha ya kutosha yaliyo wazi. Achana na hilo.

Chagueni saa tatu, msichague siku tatu

Kosa kubwa kuliko yote ni kutaka kuona kila kitu. Matamasha makubwa huwa na chaneli kadhaa kwa wakati mmoja, kila jukwaa na yake. Familia inayorukaruka kati ya chaneli haioni hata wimbo mmoja mpaka mwisho, na bando linakwisha bila mtu kucheza.

Ratiba ya saa hutoka siku chache kabla ya tamasha. Ikitoka, kaeni pamoja dakika 20. Kila mtu achague msanii mmoja, mtoto mmoja, mama mmoja, babu mmoja. Pangeni kwa saa, ondoeni wanaogongana, mbaki na kama saa tatu za kutazama. Kati ya msanii na msanii kuna dakika 20 hadi 30 za kupanga jukwaa. Hizo ni za kujaza vikombe, hazihitaji mtu kubadilisha chaneli.

Jambo linalosahaulika: mzee hawezi kufurahia wimbo anaousikia kwa mara ya kwanza kwenye kelele za watu 50,000. Wiki hiyo pigeni nyimbo mbili mbili za kila msanii mliyemchagua, jioni wakati wa kupika. Siku ya siku bibi atasema "huyu si yule wa juzi?" na hapo ndipo tamasha linakuwa la familia. Kwa wasanii wa Afrika kazi ni nyepesi zaidi. Burna Boy, aliyepanda Coachella 2019 na 2023, watoto wengi wanamfahamu tayari.

Nyimbo nyingine zina matusi, na kwenye mubashara hakuna anayekata. Sikilizeni kabla. Ukiona msanii atakuaibisha mbele ya mama mkwe, mweke kwenye simu yako na visikio, si kwenye TV.

Bando: hesabu kabla ya kununua

Picha inapimwa kwa mistari, na kila kiwango kina spidi yake. YouTube inapendekeza angalau megabiti 1.1 kwa sekunde kwa 480p, megabiti 2.5 kwa 720p na megabiti 5 kwa 1080p. Kugeuza kuwa bando ni rahisi: megabiti moja kwa sekunde, kwa saa nzima, ni kama MB 450. Kwa hiyo:

- 480p: kama GB 0.5 kwa saa, saa tatu ni GB 1.5
- 720p: kama GB 1.1 kwa saa, saa tatu ni GB 3.4
- 1080p: kama GB 2.3 kwa saa, saa tatu ni karibu GB 7

Ongeza robo juu yake. Kuna matangazo ya biashara, kuna kurudia kupakua pale mtandao ukikatika, kuna mdogo wako anayefungua TikTok kwenye hotspoti ileile. Kwa 720p na saa tatu, nunua GB 4 hadi 5.

TV ya inchi 32 ukiitazama kutoka mita mbili na nusu haikudai 1080p. 720p inatosha kabisa. Ila usishuke hadi 480p ukidhani ni sawa na taarifa ya habari. Mtangazaji wa habari amekaa, nyuma yake hakuna kinachosogea, kwa hiyo picha inabanwa vizuri. Jukwaani kuna moshi, taa zinazopigapiga, karatasi zinazopeperuka na maelfu ya mikono. Kila kitu kinabadilika kila sekunde, na ukibana sana unapata vipande vya mraba badala ya sura za watu.

Sasa hatari yenyewe: TV ikiachwa ijichagulie ubora, itachukua wa juu kabisa inaoweza kupata. Mtandao ukiwa mzuri alfajiri, inapanda hadi 1080p au zaidi na bando la saa tatu linaisha kwa saa mbili au chini yake. Video ikianza tu, fungua alama ya gurudumu, chagua ubora, weka 720p wewe mwenyewe. Angalia tena kila unapohamia jukwaa jingine, maana mara nyingi hujirudisha.

Bando la usiku ni la bei nafuu lakini lina mwisho wake, na mara nyingi ni alfajiri. Wafungaji wa Coachella wanapanda baada ya hapo. Soma masharti kabla hujafurahia GB nyingi ambazo zitakufa saa kumi na mbili, msanii wako akiwa bado anavaa. Mwenye intaneti ya waya nyumbani, kama faiba ya TTCL, aruke sehemu hii yote.

Kupima mtandao mahali ulipo

Mbeya na Iringa si tambarare. Nyumba mbili zilizotofautiana mita 100 zinaweza kuwa na mtandao tofauti kabisa kwa sababu moja iko mgongoni mwa kilima na nyingine bondeni. Mtaani kwa jirani mtandao unaruka, kwako unakwama, na laini ni ileile. Kwa hiyo msitegemee sifa za mtu. Pimeni ndani ya sebule yenu.

Siku tatu kabla, saa ileile ambayo tamasha litakuwepo, fungua fast.com kwenye simu itakayogawa mtandao. Pima mara tatu, dakika tano zikitenganisha. Chukua namba ndogo kuliko zote, usichukue wastani. Kama ndogo ni megabiti 5, 720p itapita bila shida. Kama ni 2, shuka hadi 480p au jaribu laini nyingine. Saa mbili hadi saa nne usiku ndipo minara hulemewa zaidi, na hilo ni jambo la kukumbuka kwa matamasha ya Ulaya na hata ya hapa kwetu. Alfajiri barabara ni nyeupe.

Bati na nondo huzuia mawimbi. Simu iliyoko katikati ya sebule, juu ya stuli nyuma ya TV, iko mahali pabaya. Ihamishie dirishani, upande unaoelekea mnara, na uipime hapo. Tofauti inaweza kuwa mara mbili. Iache kwenye chaja, ondoa kava, na usiilaze kwenye kochi wala chini ya mto: simu inayogawa hotspoti huku inachajiwa hupata joto, na ikizidi hujipunguzia kasi yenyewe. Watu hulaumu mtandao kumbe simu inaungua kimyakimya.

Kufikisha picha kwenye TV

Njia ni nyingi, chagua ile yenye vifaa vichache.

TV yenye YouTube ndani yake ndiyo nyepesi kuliko zote: iunganishe na hotspoti, basi. Kama TV haioni jina la hotspoti yako, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti na uibadilishe kutoka GHz 5 kwenda GHz 2.4, TV nyingi za bei ya kawaida zinajua hiyo tu. TV ya bapa isiyo na intaneti itahitaji kisanduku cha Android kwenye tundu la HDMI, au kompyuta mpakato na waya wa HDMI. Ukitumia kompyuta na picha ikaonekana lakini sauti ikabaki kwenye kompyuta, bonyeza alama ya spika chini kulia, chagua jina la TV.

Waya wa kutoka kwenye simu kwenda HDMI ununue ukiwa na simu mkononi, na ujaribu hapohapo dukani. Tundu la Type-C kuonekana sawa hakumaanishi kuwa simu inatoa picha. Nyingi za bei nafuu hutoa chaji na mafaili tu. Mwuza duka Mwanjelwa akikuambia "inakubali zote", mwombe achomeke kwenye TV yake.

Kuna tofauti kati ya kurusha video na kuakisi skrini. Ukirusha, simu inaiambia TV nini cha kuchukua na TV inachukua yenyewe. Unaweza kupokea simu bila kuharibu kitu. Ukiakisi, kila kilichoko kwenye simu kinaonekana, pamoja na ujumbe wa mtu anayekudai. Tena simu inayogawa hotspoti mara nyingi inashindwa kurusha kwenye TV iliyounganishwa na hotspoti hiyohiyo. Dawa ni simu mbili: moja igawe mtandao, nyingine iongoze.

Na TV ya chogo? Bado inafaa. Nunua kisanduku kidogo cha kugeuza HDMI kwenda AV. Waya wa njano ni picha, nyekundu na mweupe ni sauti. Kisanduku hicho kinahitaji umeme wake kupitia USB, na hapo ndipo wengi hukwama: wanaunganisha waya zote tatu, TV inabaki nyeusi, wanarudisha dukani wakisema kibovu. Kichomeke kwenye chaja ya simu. Kisha badilisha TV kwenda AV kwa rimoti. Maandishi madogo ya ratiba hayatasomeka, lakini muziki utapita.

Sauti ndiyo tamasha

Ukilazimika kuchagua kati ya kuongeza ubora wa picha na kuunganisha sabufa, unganisha sabufa. Spika za TV bapa ziko mgongoni na zinapiga ukutani, besi hazina.

1. Tafuta tundu la visikio au la AUDIO OUT nyuma ya TV.
2. Tumia waya wenye kichwa kimoja kidogo upande wa TV na vichwa viwili, mwekundu na mweupe, upande wa sabufa. Kama sabufa ina tundu dogo, waya wa vichwa vidogo pande zote.
3. Weka sabufa kwenye AUX. Punguza sauti ya sabufa hadi chini kabisa kabla ya kuchomeka.
4. Pandisha sauti ya TV hadi robo tatu, kisha rekebisha kwa sabufa.
5. Zima spika za TV kwenye mipangilio. Zikipiga pamoja na sabufa utasikia mwangwi.

Ukisikia mvumo wa "mmmm" hata muziki ukiwa umesimama, huenda TV na sabufa ziko kwenye soketi mbili tofauti. Zichomeke kwenye ekstensheni moja. Mara nyingi unakatika hapohapo. Bluetooth inavutia kwa kuwa haina waya, lakini sauti huchelewa kidogo na midomo ya mwimbaji inaachana na maneno. Kwa muziki wa redioni haisumbui. Kwa tamasha unaona mpiga ngoma anapiga, kisha ngoma inalia. Tumia waya.

Usiiweke sabufa kwenye kona. Sebule ya matofali na sakafu ya saruji inarudisha besi, na kona inaizidisha mpaka maneno yanamezwa. Isogeze kama sentimita 40 kutoka ukutani, tandika kapeti au mkeka mnene mbele yake, funga mapazia. Blanketi mbili zilizotundikwa kwenye ukuta mtupu hufanya kazi kubwa kuliko kununua spika ya pili.

Aprili bado ni mvua, hasa Tukuyu na upande wa Rungwe. Nyumba isiyo na dari chini ya bati, mvua ikianza, hata sabufa ya bei mbaya haisikiki. Msishindane nayo kwa kuongeza sauti hadi spika zipasuke. Hamieni chumba chenye dari, au gawaneni visikio mpaka ipungue. Na radi zikianza kupiga karibu, chomoeni TV ukutani, pamoja na waya wa antena au dishi. Kuzima kwa rimoti hakulindi chochote.

Nyumba za kupanga zina jirani upande wa pili wa ukuta. Kinachomfikia ni besi, si sauti ya mwimbaji. Ikifika saa nne usiku punguza kitufe cha besi, acha sauti ilipo, na ninyi hamtapoteza kitu.

Umeme

TV ya inchi 32 hutumia kama wati 50, sabufa ya nyumbani wati 50 hivi ikipigwa kwa kiasi, modemu 10. Saa tatu za yote hayo ni theluthi ya uniti. Gharama si tatizo. Tatizo ni LUKU kuisha katikati ya wimbo. Angalia mita jioni ya kabla, weka tokeni mapema, kwa sababu mfumo wa malipo nao una siku zake za kununa.

Umeme ukikatika, chomoa TV na sabufa mara moja. Unaporudi huwa unarudi kwa kishindo, na hapo ndipo vifaa huungua. Subiri dakika tatu hadi tano baada ya taa kuwaka, au tumia gadi inayochelewesha yenyewe. Mwenye betri ya sola ya volti 12 na Ah 100 ana kama wati-saa 1,200. Tumia nusu tu ili usiiue betri, toa kinachopotea kwenye inveta, unabaki na 500 hivi. TV na modemu pekee zitakaa zaidi ya saa nane. Ukiongeza sabufa, saa nne na ushei. Usiku wa tamasha msichomeke pasi humo.

Baridi, na jiko ambalo halipaswi kuingia ndani

Hapa tunatofautiana na wanaotazama tamasha Dar es Salaam kwa feni. Juni na Julai, Mbeya, Mafinga na Njombe usiku ni baridi ya kweli, na Makete umande huganda. Tomorrowland inaangukia hapohapo. Watu wanafunga madirisha, wanajibana sebuleni, na mtu anasema: leteni jiko tuote moto.

Msilete. Mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi hata kidogo, ndio hatari zaidi kwa sababu unaaminika. Unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, kaboni monoksaidi, ambayo inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dalili zake zinafanana na uchovu wa kukesha: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Mtoto aliyelala kwenye godoro pembeni ya kochi mtadhani amechoka na muziki. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi. Mtu akianza dalili hizo na kuna jiko ndani, watoeni wote nje kwanza, jiko baadaye, na aliyelegea apelekwe hospitali.

Joto lipatikane kwa njia nyingine. Soksi na sweta kabla ya kukaa, si baada ya kuanza kutetemeka. Mkeka chini, godoro juu yake, kwa sababu baridi ya saruji inapanda. Chupa za plastiki nene zenye maji ya moto, zilizofungwa kwa khanga, chini ya blanketi la wazee. Na kucheza: wakati wa wimbo unaojulikana, sogezeni meza, wote simameni. Watu saba wakicheza kwenye sebule ya mita nne kwa nne, dirisha litatoa jasho.

Chakula kinachokaa kwenye bakuli

Kanuni ni moja: mpishi naye atazame. Kila kitu kiive kabla.

Kwa usiku wa Julai, kande ndiyo yenyewe. Lowekeni kilo moja ya mahindi yaliyokobolewa na nusu kilo ya maharage tangu usiku wa jana, injikeni mchana nje, ungeni na karanga za kusaga au nazi. Inatosha watu wanane, na sufuria likifunikwa na kufungwa blanketi hukaa na moto saa kadhaa. Chai ya tangawizi iwe kwenye chupa mbili za lita mbili; majani ya Rungwe au ya Mufindi, si lazima twende mbali. Watoto wapewe bisi. Nusu kikombe cha mahindi ya bisi na vijiko vitatu vya mafuta hujaza sufuria la lita nne. Punguza moto pale milipuko inapoachana kwa sekunde mbili, vinginevyo za chini zinaungua.

Kwa Jumamosi asubuhi ya Coachella: viazi mviringo vichemshwe na maganda usiku, asubuhi vikaangwe haraka na vitunguu, parachichi pembeni. Maandazi ya jana. Basi.

Chipsi ziacheni. Zinataka mtu jikoni muda wote, na vidole vya mafuta vinashika rimoti.

Ikikwama

Duara likianza kuzunguka, msizime kila kitu kwa pamoja. Fuateni mpangilio huu, kila hatua ipeni sekunde 30:

1. Shusheni ubora ngazi moja.
2. Angalieni simu nyingine zilizoko kwenye hotspoti. Kuna moja inasasisha programu au inahifadhi picha za WhatsApp. Itoeni.
3. Washeni hali ya ndege kwenye simu inayogawa, hesabuni hadi kumi, zimeni. Simu itashika mnara upya. Hotspoti iwasheni tena kama imejizima.
4. Badilisheni laini.
5. Fungueni tamasha hilohilo kwenye simu nyingine yenye laini tofauti. Likikwama na huko, tatizo liko kwa warushaji, kunyweni chai.

Skrini ikionyesha bango la tamasha na muziki wa chinichini tu, hakuna kilichoharibika. Ni mapumziko ya jukwaa. Kama ndugu zenu wa Iringa mjini wanashangilia kwenye simu wimbo ambao nyie hamjausikia, nanyi mko nyuma kwa nusu dakika, hiyo ni kawaida ya mubashara. Mkiwa nyuma kwa dakika kumi, mtu alisimamisha video alipokwenda chooni: bonyezeni neno la mubashara pembeni ya muda ili mrudi mbele. Kinyume chake, aliyechelewa anaweza kuvuta mstari nyuma pale chaneli inaporuhusu. Msitegemee kuangalia kesho, kwani maonyesho mengi huondolewa kabisa yakishaisha.

Majirani wakija, wakaribisheni. Ila mkianza kutoza shilingi mia tano mlangoni, sebule imekuwa kibanda umiza, na kuonyesha kazi za watu kwa malipo kuna utaratibu wake wa hakimiliki.

Mkimaliza, kabla ya kukunja blanketi, zimeni hotspoti. TV iliyobaki imeunganishwa hutumia usiku huo kujisasisha, na GB moja na nusu iliyobaki mliyopanga kutazamia wikiendi ya pili mtaikuta haipo.